Mazungumzo Baada ya Habari: Akiba ya Askari na Hisa za Kampuni Moja

Busia na Malaba, iliyo wilayani Tororo, ndizo lango mbili kuu ambazo shehena ya Mombasa hupitia kuingia Uganda kwa barabara. Askari aliye zamu hapo huona malori ya mafuta, ya bia, ya saruji na ya sukari usiku na mchana, na baada ya miezi michache hujiona anaijua kampuni inayoneemeka. Kutoka hapo hadi kuinunulia hisa kwa akiba yake yote ni hatua fupi, tena ya hatari.

Itazameni Mumias, mji usio mbali na Busia upande wa Kenya. Kampuni ya sukari ya huko, iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini humo, iliingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, na miongoni mwa walionunua walikuwamo wakulima wa miwa wenyewe. Nani angewaambia kwamba hawakijui kiwanda wanachokiona kila siku? Lakini malori hayasemi habari za madeni. Mwaka 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu, na hisa zake zikasimamishwa sokoni zikiwa zimeshuka chini ya shilingi moja ya Kenya. Aliyekuwa na hisa hizo pekee alipoteza takriban kila kitu. Aliyekuwa nazo pamoja na za kampuni nyingine kumi na tisa aliumia kidole tu. Hakuna afande anayelaza kikosi kizima katika handaki moja.

Huko Marekani, mwaka 1976, John Bogle aliwafungulia watu wa kawaida mfuko ambao hauchagui kampuni bora, bali hununua zote zilizomo katika fahirisi ya soko, kila moja kwa kadiri ya ukubwa wake. Alitazamia kukusanya dola milioni 150. Akapata milioni 11 na ushei, na wakubwa wa biashara wakamcheka. Leo mifuko ya namna hiyo inashika matrilioni ya dola.

Hata hivyo, hapana budi tuseme kweli kuhusu masoko yetu. Fahirisi ya hisa zote za Nairobi huelemewa mno na Safaricom, na ile ya Kampala huhesabu pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa huko. Basi anayedhani ameweka fedha katika nchi mbili huenda amerudia kampuni zile zile. Tena mifuko mingi ya pamoja inayouzwa katika miji hiyo hukopesha serikali na benki, wala hainunui hisa. Si vibaya, ila si kitu kimoja. Na mfuko wa ng'ambo huleta suala la thamani ya sarafu, ambalo wakazi wa mpakani hawahitaji kufundishwa.

Karo ya muhula ujao isiwekwe katika hisa za aina yoyote. Mahali pake ni benki au chama cha akiba na mikopo. Hisa ni za fedha inayoweza kungoja miaka kumi au zaidi, kama sehemu ya kiinua mgongo. Na kabla ya kutia sahihi, askari aulize ada ya mwaka. Kwa shilingi milioni moja, asilimia 2 ni shilingi 20,000 kila mwaka, soko lipande au lishuke, asilimia 0.2 ni shilingi 2,000.