MTOTO ALIYEANGUSHWA

Mazungumzo ya redioni. Somo: 2 Samweli 4:4 na 2 Samweli 9:1-13

Nasema hasa nanyi mnaotusikiliza kutoka katika nyumba za kambi za jeshi, iwe ni Lanet au Gilgil, Kahawa au Lang'ata, Eldoret, Nanyuki au Mtongwe. Mazungumzo ya leo ni yenu, na ni ya sisi sote tunaokaa karibu nanyi.

Nataka tumwangalie mtoto mmoja wa miaka mitano. Vita vilikuwa vimepiganwa katika mlima wa Gilboa. Mfalme Sauli alikufa huko, na Yonathani mwanawe akafa pamoja naye. Habari zilipofika nyumbani, yaya aliyemlea mtoto wa Yonathani alimnyanyua mtoto akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, na tangu siku hiyo akawa kilema wa miguu yote miwili. Jina lake Mefiboshethi.

Hebu tusimame hapo kidogo, ndugu zangu. Mtoto huyu hakwenda vitani. Hakuna Mfilisti aliyemwona wala mshale uliomfikia. Aliumia mbali na mlima wa Gilboa, akiwa mikononi mwa mtu aliyempenda. Yule yaya hakuwa mtu mbaya. Kama angekuwa mbaya angalikimbia peke yake. Alimbeba mtoto, lakini hofu aliyokuwa nayo ilikuwa nzito kuliko mikono yake, naye akamwangusha.

Wasikilizaji, katika nchi yetu wako watoto walioanguka namna hiyo. Majeshi yetu yalivuka mpaka kuingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa, na tarehe 27 Januari 2017 ikashambuliwa ile ya Kulbiyow. Tuliwazika wana wetu, tukalia na wajane, na ilikuwa haki tulie. Lakini wako wengi waliorudi wakiwa hai, tukawapokea kwa nyimbo, tukawachinjia mbuzi, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu tukidhani vita vimekwisha. Kumbe katika nyumba nyingine vita vilikuwa vimeingia mlangoni pamoja na lile begi la askari.

Nitawaeleza nyumba moja, wala sitataja jina wala mahali. Zamani kidogo nilitumika katika parokia iliyo karibu na kambi ya jeshi. Mama mmoja alinijia baada ya ibada, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine, msichana wa miaka minne, ameshika leso yake. Akaniambia, "Mchungaji, Baba Watoto amerudi, lakini hajarudi." Nikamwomba aeleze. Akasema kwamba mumewe, koplo, hulala akiwa amevaa viatu. Hakai mahali asipoona mlango. Siku moja parachichi lilianguka juu ya mabati, naye akamkumbatia yule msichana na kujitupa naye chini ya meza, akamshikilia pale kwa nguvu mpaka mtoto akalia kwa maumivu. Baadaye alipotambua ni nini, alitoka nje akaenda kunywa pombe, naye hakuwa mtu wa pombe. "Siku hizi," akasema yule mama, "watoto wangu wanatembea kwa ncha za vidole."

Je, mimi mchungaji wake nilifanya nini? Naona haya kusema, lakini nitasema. Nilimwekea mikono nikaomba. Nikamwambia avumilie, aongeze maombi, maana mwanamume akitoka safari ndefu huhitaji muda. Kisha nikaenda kunywa chai na wazee wa kanisa. Sikuenda nyumbani kwake. Sikumwuliza yule msichana hata neno moja.

Baada ya majuma kadhaa mwalimu wa shule ya Jumapili aliniita kando. Watoto walikuwa wakicheza mchezo wa nyumba, na yule msichana alikuwa amemlaza mwanasesere wake wa vitambaa. Alikuwa akiwaambia wenzake wanyamaze, baba asiamke. Mtoto mmoja akamwuliza kwa nini baba yake ni mkali. Naye akajibu, "Ni mimi nilimkosea." Mwalimu akaniambia kwamba mtoto alisema hivyo bila kulia, kama anayetaja jina lake.

Neno lile lilinichoma. Nilikuwa nimeona tatizo la mume na mke. Sikuona kwamba katika nyumba ile alikuwamo mtoto wa miaka minne aliyeubeba ugonjwa wa baba yake akidhani ni dhambi yake mwenyewe.

Kwa maana ni ugonjwa, ndugu zangu. Mwaka wa 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, madaktari wa Uingereza waliandika habari za askari waliotoka katika milipuko hawana jeraha, lakini wanatetemeka, hawalali, wengine wamepoteza kumbukumbu. Wakati ule wako waliowaita waoga. Leo madaktari wanajua zaidi. Mtu aliyekaa karibu na mauti, mwili wake hujifunza kukesha, na akirudi mahali pa amani mwili huo hausadiki kwamba ni amani. Huona tena yale aliyoyaona, akiwa macho au usingizini. Hushtuka kwa sauti ndogo. Hukasirika upesi, au huwa baridi kama jiwe hata kwa wale awapendao. Mambo hayo yakizidi mwezi mmoja na kuharibu kazi na nyumba, si tabia tena. Ni kiwewe, nacho kina matibabu. Wako washauri waliofundishwa kuzungumza na mtu wa namna hiyo hatua kwa hatua, na ziko dawa zinazosaidia.

Wala usidhani ni waume peke yao. Wako akina mama wanaovaa magwanda ya jeshi. Na wako akina mama waliobaki nyumbani, wakajifungua mume akiwa mbali, wakakaa miezi mingi wakiogopa kila simu inayolia, mpaka msongo wa mawazo ukawalaza kitandani, wasiweze hata kumwogesha mtoto. Nao pia wanaumwa, nao pia waweza kutibiwa.

Lakini twaogopa. Mwanajeshi anaogopa kwamba wakubwa wake watamhesabu dhaifu. Mke anaogopa majirani. Mtu akitaja Mathari, watu hucheka. Na sisi wa kanisa tumezidisha hofu hiyo, kwa kusema kwamba mtu aliyeokoka hawezi kuugua mawazo. Hebu msome tena habari za Eliya. Alitoka kushinda pale Karmeli, kisha akaketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika wa Bwana alipomjia hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamjia mara ya pili na chakula. Mungu alianza na mwili wa mtumishi wake aliyechoka, ndipo baadaye akasema naye mlimani. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Tusingoje kilio.

Hata sheria iliwahi kuongeza hofu hiyo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hata jamaa wakaogopa kumpeleka hospitalini. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Basi ukimsikia ndugu yako akisema kwamba amechoka kuishi, usimwite mwenye dhambi na usimfiche. Kaa naye, ondoa karibu naye vitu vya kumdhuru, umpeleke kwa daktari siku ile ile.

Sasa turudi kwa watoto wadogo. Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui kusema, "Nimefadhaika." Husema kwa mwili wake. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Hulalamika tumbo asubuhi. Hung'ang'ania mama asitoke. Huacha kucheza, au hucheza mchezo ule ule wa kuogofya kila siku. Ukiona hivyo usimchape. Na kwa kuwa hajui sababu, hujitungia sababu, na mara nyingi sababu anayoipata ni yeye mwenyewe.

Kwa hiyo mwambie ukweli, kwa maneno madogo. Mwambie, "Baba anaumwa. Ugonjwa wake uko ndani, hauonekani kama kidonda cha goti. Si wewe uliyemfanya augue, wala si kazi yako kumponya. Sisi watu wakubwa tunamsaidia. Baba anakupenda." Mwambie leo, umwambie tena juma lijalo, maana mtoto hahitaji kuambiwa mara moja tu. Mpe saa zilezile za kula na saa zilezile za kulala, na mtu mzima mmoja aliyetulia ambaye atamwona kila siku. Mambo hayo madogo ni dawa kubwa kwa mtoto.

Lakini lazima niseme na hili wazi. Ikiwa kuna kipigo au panga nyumbani, usimwambie mama avumilie. Watoe yeye na watoto kwanza, wakae mahali salama, ndipo mtafute msaada kwa mgonjwa. Kumpenda mgonjwa hakumaanishi kumwachia watoto awaumize.

Mtauliza, yule koplo alikuwaje? Nilikwenda kwake, nikachelewa lakini nikaenda. Nilikwenda na mzee mmoja wa kanisa, sajini mstaafu. Mimi sikuwa na la kusema. Yule mzee aliketi pembeni yake, wote wawili wakitazama mlango, akamwambia, "Kijana, hata mimi nililala na viatu." Koplo akalia. Siku ya tatu mzee alimsindikiza kwa kasisi wa jeshi, na kasisi akampeleka kwa daktari. Akina mama wa Mothers' Union walipanga zamu. Alasiri mbili kila juma watoto walikuwa kwa mmoja wao, wakicheza kwa kelele, ili baba apate kulala na mama apate kupumua. Hakuna aliyewapelekea maneno ya kuwahubiria. Walipeleka unga, mboga, na mikono ya kufua.

Yule koplo hajawa kama alivyokuwa kabla. Iko mikesha bado. Lakini pombe aliiacha, na viatu huvua. Na siku moja aliketi chini, akamwambia binti yake kwa kinywa chake mwenyewe, "Si wewe uliyenikosea." Mama yake aliniambia kwamba mtoto alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza kama anaweza kuimba sasa. Akaimba mpaka akalala.

Ndugu zangu, turudi kwa Mefiboshethi. Miaka ilipita, Daudi akauliza kama amebaki mtu wa nyumba ya Sauli ili amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Wakamwambia yuko mmoja, kilema, anakaa Lo-debari katika nyumba ya Makiri. Twapenda kuhubiri juu ya Daudi na meza yake. Lakini Makiri ni nani? Ni mtu aliyemweka nyumbani mwake mtoto wa watu, mjukuu wa mfalme aliyeshindwa, wakati hakuna faida yoyote ya kufanya hivyo. Na baadaye Daudi mwenyewe alipomkimbia Absalomu, Makiri yule yule alikuwa miongoni mwa waliomletea vitanda, na vyombo, na chakula. Twamwona mara mbili tu, na mara zote mbili ana nafasi kwa mtu aliyeanguka.

Kanisa letu lahitaji akina Makiri. Jumapili hii mwangalie yule mama anayekaa benchi la nyuma na watoto wake wanyamavu kupita kiasi. Usimwulize mbele za watu. Mwendee nyumbani katikati ya juma. Mwulize, "Mama, nikuchukulie watoto lini?" Na wewe mwanajeshi unayenisikiliza usiku huu, ukiwa umekaa ukiutazama mlango, mwambie mtu mmoja kesho. Ulitumwa kwa ajili yetu. Tuna deni nawe.

Na jambo la mwisho. Sura ile ya tisa inamalizika kwa kusema kwamba Mefiboshethi alikula mezani pa mfalme siku zote, naye alikuwa kilema wa miguu yote miwili. Miguu haikupona. Lakini mezani aliketi kama mmoja wa wana wa mfalme. Meza ya Bwana wetu ni ya namna hiyo.

Na tuombe. Ee Baba wa mbinguni, wewe uliyemlisha Eliya chini ya mti, uwaangalie askari wasiolala usiku huu. Uwatulize mioyo. Uwalinde watoto walioanguka katika mikono iliyochoka, uwaambie kwamba si kosa lao. Ututume sisi tuwaendee, wala tusichelewe. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.