USHUJAA WA DEBE MOJA
(Hotuba ya Kamati ya Ushirika katika mkutano wa wanachama, kabla ya msimu wa korosho)



Likitajwa neno shujaa, wengi wetu tunafikiria mtu wa bunduki. Lakini sisi wa Kilwa tunayo habari nyingine. Julai 1905, kule Nandete, Umatumbini, watu waliochoka kulimishwa pamba ya Mjerumani kwa viboko waliingia shambani wakaing'oa. Simulizi za wazee zinawataja Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela kuwa ndio walioanza. Vita vya Maji Maji vikawaka kutokea hapo hadi 1907. Kazi ile ya kwanza haikutaka bunduki. Ilitaka mtu wa kushika mche wa kwanza na kuuvuta, wenzake wakimtazama.

Ndugu zetu, leo zao letu ni korosho, na anayetunyonya ni kangomba. Mnamjua. Anakuja mikorosho ikiwa bado maua, mtoto wa mtu anaumwa na ghala la nyumbani tupu. Anatoa vijisenti, kisha msimu ukifika anapima kwa kopo lake, siyo kwa mizani. Mzigo unaingia ghala kuu kwa jina lake, na mwenye shamba anaisikia bei ya mnada kama habari za ng'ambo.

Kumsema vibaya aliyechukua hela hiyo hakusaidii kitu. Njaa haisikii hotuba. Tuseme na ukweli mwingine: stakabadhi ghalani, iliyoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, hailipi siku ile ile ya kupima. Mzigo lazima usubiri mnada. Mwenye akiba anangoja. Asiye na akiba anauza maua.

Basi shujaa tunayemtaka msimu huu ni yule atakayebisha hodi kwa jirani kabla kangomba hajabisha. Ni mama anayempimia mwenzake unga bila kumtangaza kisimani. Ni kijana anayembeba mgonjwa usiku mpaka barabarani na hadai nauli. Ni karani anayeisoma mizani kwa sauti, kila mtu asikie.

Kamati inapendekeza hivi: kila nyumba yenye akiba itoe debe moja la mahindi au mtama. Mwenye shida akope, arudishe baada ya mnada, debe kwa debe, bila riba. Karani ataandika daftarini, na majina ya wakopaji hayatabandikwa ukutani. Sisi wanakamati saba tumekwisha kutoa madebe saba. Yako ofisini, njooni myaone.

Debe moja ni kitu kidogo, jamani. Lakini linaweza kuokoa magunia manne ya jirani yako, na ada ya mtoto wake.

Kupokea kunaanza Jumamosi asubuhi. Nani atashika mche wa kwanza?

Ushirika hoyee!