Mlango Unalindwa, Baraza Je?

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inauthamini sana mlango. Mlango wa mbao na miimo yake, ikiwa vilichongwa nchini kabla ya mwaka 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, ni mali inayolindwa. Jengo limewekewa sharti gumu zaidi: ili lilindwe bila Waziri kulitangaza, sharti liwe limejengwa kabla ya mwaka 1863. Matokeo yake ni kwamba nyumba ya familia iliyojengwa Tanga au Kariakoo miaka ya 1920 inaweza kubomolewa asubuhi moja, na mlango wake ukabaki na hadhi ambayo kuta, ukumbi na ua havikuwahi kuipata.

Nyumba inayotetewa katika mhadhara huu ni hiyo ya kawaida, ambayo watu wa mwambao na wa miji ya bara wamezoea kuiita nyumba ya Kiswahili. Haina ghorofa. Mbele ina baraza, kisha mlango, kisha ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Ukumbi unatokea uani, penye jiko, choo na mara nyingi banda la kuku.

Ujenzi wake ulikuwa kazi ya mafundi na ya majirani pia. Nguzo za mikoko zilisimikwa, fito zikafungwa kwa kamba mstari juu ya mstari, kisha nafasi zikajazwa udongo na mawe. Kukandika kulikusanya watu wengi: huyu anakanyaga udongo, yule anausomba, mwingine anausukumizia mkono kati ya fito mpaka ushike. Mwenye uwezo alimalizia kwa chokaa. Juu palipauliwa kwa makombamoyo na kuezekwa makuti; baadaye zikaja bati, na penye shida, madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa. Ukuta wa namna hii ukipasuka hukandikwa upya, na nyumba ikaendelea kukaliwa.

Lakini thamani kubwa ya nyumba hii imo katika mpangilio wake. Mgeni hupiga hodi, akakaribishwa barazani, akanywa kahawa, akacheza bao, akaondoka bila kuona jiko la mtu. Wanawake wana ua wao, na njia ya kutoka uani kwenda kwa jirani haipiti mbele ya macho ya barabara. Mwenye nyumba akihitaji fedha hupangisha chumba kimoja au viwili, na mpangaji aliyetoka Songea au Kigoma akajikuta ndani ya familia iliyomfundisha mji. Msiba ukitokea, ua ule ule hugeuka jiko la matanga. Wataalamu wa mipango miji wametumia vitabu vingi kutafuta namna ya kuwachanganya wageni na wenyeji. Mafundi hawa walikwisha kuijenga.

Umbo hilo lilisafiri. Njia za misafara za karne ya 19 zililifikisha Tabora na Ujiji, na leo mtu wa Tanga akiingia nyumba ya zamani ya Ujiji hahitaji kuelekezwa uani.

Zanzibar inaonyesha vizuri jinsi urithi unavyochaguliwa. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2000 kwa majumba yake ya mawe. Ng'ambo, upande wa pili wa mji, ndiko walikoishi wengi wa wafanyakazi, watumwa wa zamani na mafundi, katika nyumba za udongo na makuti. Mwimbaji Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikuwa mkazi wa huko. Nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa kupisha maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

Zipo nyumba zilizonusurika. Ile ya Magomeni, Dar es Salaam, aliyoishi Mwalimu Nyerere, sasa ni makumbusho. Nyumba ya mwandishi Karen Blixen karibu na Nairobi, iliyojengwa mwaka 1912, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Zote mbili zinastahili, ila zimehifadhiwa kwa sababu ya jina la aliyezikaa. Nyumba ambayo mkaaji wake alikuwa kuli wa bandarini au mama muuza vitumbua haina pa kushikia.

Adui wa nyumba hizi ni wa kueleweka. Babu akifariki, warithi huwa wengi na kiwanja ni kimoja. Mirathi haigawi ukumbi. Kariakoo dalali anapofika na ahadi ya ghorofa yenye fremu za maduka, familia isiyo na ada ya shule haiwezi kulaumiwa ikisaini. Kuwataka wabaki maskini ili mji upendeze ni dhuluma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza isingojee sheria mpya. Kabla nyumba haijaanguka ipimwe, ichorwe ramani, na wazee waulizwe nani alilala chumba kipi, nani alipanga, harusi zipi zilipikiwa uani. Wanafunzi wa usanifu majengo wanaiweza kazi hiyo. Kazi ya pili ni ya Bunge: kuusogeza mwaka 1863 mbele, angalau ufike 1940 ambao mlango tayari umepewa, na kuwapunguzia kodi ya jengo wenye nyumba watakaokubali kukarabati badala ya kubomoa.