Chanda Chema na Mkono Mzima: Kuzituza Timu za Maktaba ya Chuo Kikuu



Miaka mingi iliyopita, nikiwa msaidizi kijana katika maktaba ya chuo kimoja, nilimwona mama wa dawati la kuazima vitabu akirudi kutoka sherehe za Mei Mosi na cheti cha mfanyakazi hodari mkononi. Tulimpokea kwa makofi na vigelegele. Yeye aliketi kwenye kiti chake, akavuta droo, akatoa penseli, akakigeuza cheti na kuandika majina nyuma yake, moja chini ya jingine. Yalikuwa tisa. Langu lilikuwa la saba. Nilipomuuliza anafanya nini, alinijibu bila kuinua macho: "Mwanangu, wasomaji wanauona uso wangu tu. Mimi nawajua waliokuwa nyuma yangu."

Mhadhara wangu wa leo unahusu upande wa nyuma wa cheti kile.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hao hao wakasema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika kuwatuza wafanyakazi tumeushika sana usemi wa kwanza na kuusahau wa pili. Kila Mei Mosi nchini Tanzania, taasisi huchagua mfanyakazi hodari na kumpa cheti, fedha au kifaa cha nyumbani. Desturi hiyo ni njema, na sikuja hapa kuibomoa. Ninachosema ni kwamba katika maktaba ya chuo kikuu hakuna huduma inayokamilishwa na mtu mmoja. Kwa hiyo pete ya maktaba ivishwe mkono mzima.

Daftari la Ijumaa

Mama yule alituzwa kwa nini? Chuo kilikuwa kimepokea makasha mengi ya vitabu, nayo yalikuwa yamerundikwa stoo hadi karibu na dari. Wakati huohuo wanafunzi walikuwa wakipanga foleni kuulizia vitabu ambavyo tayari vilikuwa ndani ya jengo lilelile. Mama akanunua daftari la shule. Kila msomaji alipokosa kitabu, mama aliandika jina la kitabu hicho, tarehe na somo. Kila Ijumaa mchana alilipeleka daftari chumba cha uorodheshaji.

Kazi ya wengine ilianzia hapo. Mtunza stoo alipanda ngazi kutafuta vitabu vilivyomo daftarini kabla ya vingine vyote. Mkutubi alikisoma kila kimoja dibaji na yaliyomo, akaamua kikae kwenye somo gani na kipewe namba gani. Mpiga taipu alichapa kadi: moja ya mwandishi, moja ya jina la kitabu, na nyingine za masomo. Akikosea tarakimu moja, kitabu kilikwenda rafu isiyo yake, na kitabu cha namna hiyo kimepotea sawa na kilichoibiwa. Mwingine alipiga muhuri, akabandika lebo mgongoni na kusubiri gundi ikauke. Mimi na wenzangu wawili tulipeleka vitabu rafuni. Jumatatu iliyofuata, mwanafunzi aliyeondoka mikono mitupu alirudi, akakikuta kitabu chake, akamshukuru mama wa dawati.

Shukrani ile ilikuwa ya haki, lakini ilisimama mlangoni. Mpiga taipu hakuwahi kumwona msomaji hata mmoja. Mtunza stoo alistaafu bila mtu kumwambia kwamba kupanda kwake ngazi kulimwezesha kijana fulani kumaliza tasnifu.

Leo kadi zimeondoka na kompyuta zimeingia, lakini mnyororo haujakatika. Umerefuka. Mwanafunzi akifungua makala ya jarida kwenye simu yake usiku wa manane, nyuma yake yupo aliyejadiliana na wachapishaji kuhusu bei, yupo fundi wa TEHAMA aliyehakikisha seva haizimiki, yupo mkutubi aliyemfundisha kutafuta, na yupo mhasibu aliyelipa ada kwa wakati. Kadiri huduma inavyokuwa nyepesi machoni pa msomaji, ndivyo walioifanya iwe nyepesi wanavyozidi kutoonekana.

Jengo na watu

Novemba 2018, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilifunguliwa maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China. Inaweza kuhifadhi vitabu 800,000 na kukalisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Hilo ni jambo la kujivunia, na utepe wake ulistahili kukatwa kwa heshima. Lakini utepe hukatwa mara moja, ilhali maktaba hufunguliwa kila asubuhi. Anayeifungua kwa maana halisi ni mhudumu aliyepanguza meza kabla ya saa mbili, mlinzi anayemwelekeza mgeni, na msaidizi anayevirudisha rafuni vitabu vilivyoachwa mezani usiku uliopita.

Mwaka 1931, S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras nchini India aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alichapisha kanuni zake tano za ukutubi. Kanuni ya nne inaagiza kuokoa muda wa msomaji. Nimeitafakari kwa miaka mingi, na kila nikiifuata naishia mahali pamoja: muda wa msomaji hauokolewi na mtu mmoja. Mhudumu wa dawati akifanya haraka huku uorodheshaji umelala, foleni inabaki palepale. Kwa hiyo anayetaka kutuza kuokolewa kwa muda wa msomaji hana budi kuutuza mnyororo wote.

Mgema na kalamu za rangi

Najua mtanijibu kwa usemi mwingine: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1973, wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nembo ya dhahabu na utepe likichora. Kundi la pili lilichora bila ahadi, kisha likapewa cheti kilekile kwa kushtukizwa. Kundi la tatu halikupewa chochote. Siku kadhaa baadaye, walioahidiwa walitumia takriban nusu tu ya muda wa wenzao katika kuchora. Waliopewa bila kuahidiwa hawakupoteza hamu yao.

Kwa hiyo kinacholitia tembo maji ni sifa iliyogeuzwa kuwa chambo. Tukitangaza Januari kwamba timu itakayohudumia wasomaji wengi itapata fedha, tutapata hesabu kubwa na huduma mbovu, kwa sababu wasomaji watahesabiwa kabla ya kusikilizwa. Lakini tukiitazama kazi iliyokwisha kufanywa kwa moyo, tukaitaja wazi na kuishukuru, hatumharibu mgema. Tunamwambia kwamba tumelionja tembo lake na tumeujua utamu wake.

Kuna hofu ya pili: katika timu wapo wanaojificha. Nayo ni kweli. Mwaka 1913, Mfaransa Max Ringelmann, mtaalamu wa uhandisi wa kilimo, alichapisha matokeo ya majaribio ya watu kuvuta kamba. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu ndogo zaidi, hata watu 8 wakatoa takriban nusu tu ya nguvu waliyopaswa kuitoa. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba ulegevu huo hupungua pale mchango wa kila mtu unapotambulika. Wavuvi wetu wanaovuta juya ufukweni hawahitaji maabara kulijua hilo, kwani kila mmoja anaona mikono ya jirani yake kwenye kamba.

Cheti kiandikwe nini?

Napendekeza basi, na nasema haya kwa wenye mamlaka waliomo ukumbini.

Cheti cha timu kitaje tendo. "Kwa utendaji bora" ni maneno yanayomfaa yeyote, kwa hiyo hayamfai mtu. Kiandikwe shida iliyokuwepo, hatua iliyochukuliwa na nafuu aliyoipata msomaji. Mstari mmoja kama "Walisoma daftari la Ijumaa, wakavitoa stoo vitabu vilivyokuwa vikiulizwa" una uzito kuliko sifa kumi.

Kisha kitaje kila jina, na mbele ya jina kazi aliyoifanya mwenye jina. Mhudumu wa usafi awemo kama alikuwemo. Fundi wa umeme awemo. Hapo mvivu hatakuwa na pa kujifichia, na mnyonge hatasahaulika.

Wasomaji wapewe sauti katika uteuzi. Mwanafunzi mwenye ulemavu wa macho anajua kuliko kamati yoyote ni lini alianza kusoma bila kuomba kusomewa. Mwanafunzi anayekaa mbali anajua ni lini alianza kupata makala bila kupanda daladala mbili.

Zawadi yenyewe iisaidie kazi iendelee: mafunzo, kifaa walichokuwa wakikililia, au nafasi ya kuwafundisha wenzao wa matawi mengine. Timu iliyogundua njia nzuri haina heshima kubwa kuliko kuombwa iwaonyeshe wengine.

Wala tuzo isiwe mbadala wa haki. Cheti hakilipi kodi ya nyumba wala ada ya mtoto. Mfanyakazi anayedai malimbikizo yake alipwe kwanza, kisha apongezwe. Akipongezwa huku anadai, sifa hiyo humuumiza.

Upande wa mbele

Programu ya kompyuta ambayo maktaba nyingi za ukanda wetu huitumia kuorodhesha vitabu inaitwa Koha. Ilizaliwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, kisha ikagawiwa dunia bure. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, nayo ni zawadi inayotarajiwa kujibiwa. Kila mkutubi anayeifungua asubuhi anafaidi jasho la watu asiowajua. Sisi tunaofaidi jasho la watu tunaowajua, tuliowapita koridoni leo, tutalijibuje?

Mama wa dawati alifariki kitambo. Siku aliyostaafu alinionyesha tena kile cheti. Upande wa mbele wino ulikuwa umefifia. Nyuma, penseli ilikuwa bado inasomeka, majina yote tisa, na ilionekana wazi kuwa baadhi aliyapitia upya kwa mkono wake yalipoanza kufutika. Alifanya peke yake kazi ambayo chuo kilipaswa kuifanya.

Naomba chuo hiki kiifanye. Mei Mosi ijayo, majina yale yaandikwe mbele, kwa wino.