Nani Atachemsha Maji? Mada Kuhusu Maelekezo ya Kutunza Mshono kwa Mama Aliyejifungua kwa Upasuaji

Wauguzi na wakunga wenzangu,

Aina za nyuzi mnazijua. Mnajua pia kwamba maambukizi ya kidonda cha upasuaji huhesabiwa hadi siku 30. Sitayarudia hayo, maana nina jambo moja.

Mama hukaa nasi siku 2 au 3, na maambukizi mengi hujitokeza akishafika nyumbani. Anayekiona kidonda kikianza kuharibika ni yeye na anayemuuguza. Lakini maelekezo tunayatoa asubuhi ya ruhusa, kwa dakika chache, mtoto analia, bili haijakamilika, gari linasubiri nje. Tunauliza, "Umeelewa?" Anajibu, "Ndiyo, sista." Tunaandika kwenye faili: ameelimishwa.

Kauli yetu ya "usiloweshe kidonda" imenisumbua miaka mingi. Nimempokea mama siku ya 7, bendeji ileile, imelowa jasho na inanuka, kwa sababu aliogopa maji kabisa. Mwingine aliambiwa tu "kiwe kisafi". Mama mkwe akamkanda tumbo kwa taulo la maji ya moto, kama yeye mwenyewe alivyokandwa. Bibi yule alifanya kwa upendo, na hakuna aliyemwambia kwamba uzazi huu una mshono. Wa tatu alifungua kidonge cha rangi mbili akanyunyizia unga wake kidondani. Faili za wote watatu zinasema wameelimishwa.

Siulaumu uongozi, uchache wetu kwenye zamu unajulikana. Hata hivyo, neno "ameelimishwa" lisikubalike tena likiwa peke yake.

Napendekeza maelekezo yaanze siku ya kwanza, yarudiwe kila tunapomgeuza mama au kumpima. Tumuulize nani atachemsha maji nyumbani, na huyo tumngoje saa ya kutazama wagonjwa: "Shikamoo bibi, ni wewe utakayemkanda?" Aambiwe mgongo na miguu akande, juu ya mshono asiguse. Bendeji ikishatolewa, mama aoge kila siku kwa maji safi na sabuni, akaushe taratibu kwa kitambaa safi bila kusugua, asiweke unga wa dawa, jivu wala majani.

Badala ya "umeelewa?", tumwambie, "Mama, ukifika nyumbani utawaeleza nini?" Akikwama, sisi ndio hatukueleza vizuri; turudie.

Na tuache kutegemea neno "wekundu". Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu unaweza usionekane. Tuseme joto, uvimbe, ngozi kukaza na kung'aa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, harufu, homa, mshono kufumuka. Akiona mojawapo arudi siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki.

Narudia la anayechemsha maji, maana ndilo husahaulika: aelezwe kabla ya ruhusa. Kama yuko kijijini, apigiwe simu mama angali kitandani kwetu, na muuguzi azungumze naye mwenyewe.