Mtu wa fonie akirudi nyumbani

Maneno ya memba mmoja mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu, hapa Lubutu. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tukifupisha kidogo.



Komite imeniomba niseme namna gani askari wa mitambo anakuwa raia mwenye kazi. Mimi si mtu wa kuhutubia. Kazi yangu jeshini ilikuwa kusema maneno machache, kisha kuachia kidole na kusikiliza. Mkiona nasema fupi-fupi, ni ile mazoea.

Watoaji wetu wameuliza kwa barua: juu ya nini mashini nyingi za kushona walizopewa wenye kurudi ziliuzwa? Swali ni la haki. Nitajibu mimi, kwa sababu na mimi niliuza ya kwangu. Haikuwa mashini ya chama hiki, ilikuwa zamani, lakini niliuza.

Tamaa ya redio niliipata kabla ya kuvaa nguo za jeshi. Wakubwa mnakumbuka Tingi-Tingi, mwisho wa 1996 na mwanzo wa 1997: kambi ya wakimbizi wa Rwanda, watu zaidi ya laki moja pembeni ya barabara, na ndege zikitua juu ya barabara yenyewe. Mateso ya watu wale siwezi kuyasimulia leo. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba mizigo. Nikaona gari la msaada lenye antene ndefu, dereva anasema ndani ya kipaza sauti, na mtu aliye Kisangani anamjibu. Nilisimama pale mpaka wakanifukuza.

Vita ya 1998 ilipokuja, nikachukuliwa. Naomba nisitaje jeshi gani. Humu ndani tuko watu wa majeshi mbalimbali na tumekubali kukaa benchi moja. Mzee mmoja, sajini wa transmisioni tangu wakati wa Mobutu, aliona napenda mitambo, akanitoa kwenye mstari wa bunduki. Alinifunza kupima waya: ukitaka kusema kwenye megahezi 7, antene iwe na metre 20 hivi, kumi huku na kumi kule, na iwe juu, mbali na majani yaliyolowa. Alinifunza batri: ile ya volti 12 ukiikuta imeshuka kwenye 12 kamili, iache, nusu yake imekwisha, ukiendelea kuikamua utaiua. Alinifunza kusude waya kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa, kuandika kila ujumbe na saa yake kwenye daftari, kutaja herufi Alfa, Bravo, Charlie mpaka Zulu hata usingizini. Na kufunga mdomo. Mtu wa fonie anajua siri zote za shefu, na hasemi hata kwa rafiki yake.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisumbua zaidi uraiani. Nitafika huko.

Serikali ya mpito ilianza 2003, na CONADER ikaja kutupokea. Mimi nilitoka 2005. Wengi humu mnakumbuka hesabu zile: dola 110 siku ya kutoka, kisha dola 25 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla dola 410. Nilikaa mbele ya karani. Akauliza: "Unajua kazi gani?" Nikasema: "Transmisioni." Akasema: "Hapana, kazi ya raia." Nikanyamaza. Akaandika: bila kazi. Halafu akanisomea: kulima, kufuga, kushona, useremala, biashara ndogo. Nikachagua kushona, kwa sababu mashini ile ilikuwa na vyuma na mafuta, ilifanana kidogo na kitu ninachojua.

Simlaumu yule karani. Foleni ilifika nje, na fomu yake haikuwa na mstari wa mtu kama mimi. Lakini niliingia mlango ule na ufundi wa miaka saba, nikatoka mwanafunzi wa kushona suruali. Miezi mitatu tu, nikauza mashini. Ile pesa sikuinywa. Nilinunua multimeta, chuma cha kusude, na risasi. Msiogope, bamama, risasi ile ya kusude.

Nikaweka meza sokoni. Mama mmoja muuza samaki akaniletea redio yake. Nikamwambia aache. Kesho yake akaja: "Baba, redio yangu iko na ugonjwa gani?" Nikajibu: "Utajua ikipona." Siku ya tatu akauliza bei. Nikampigia kelele kama vile ni askari aliyesinzia kwenye posti, mbele ya watu wote. Hakujibu kitu. Alizunguka soko akisema: "Redio zenu musipeleke kwa ule soda, atazirudisha na fimbo." Wiki mbili sikupata hata mteja wa tochi.

Mjomba wangu akaniita. Akasema: "Kule jeshini walikupa batri, walikupa waya, walikupa chakula. Hapa ni ule mama njo anakupa chakula. Shefu yako njo yeye." Tukaenda naye, na kuku mkononi. Mama akapokea kuku, lakini akataka nifungue redio pale pale, mbele ya macho yake. Nikafungua. Kondensata moja ilikuwa imevimba. Nikamwonyesha, nikataja bei kabla ya kugusa. Tangu siku ile kila kitu nafungua mbele ya mwenyewe. Semina nimefanya nyingi tangu hapo, lakini hakuna iliyonifunza kuliko muuza samaki yule.

Simu zilipoenea, kazi ya redio ikapungua, nami nikahamia kwenye simu na sola. Kituo kimoja cha afya kilikuwa na shida ya frigo ya chanjo. Chanjo inatakiwa kukaa kati ya digri 2 na 8. Frigo ile ilikuwa inapanda joto kila alfajiri. Munganga akaniita. Nikakuta simu za kijiji kizima zimechomekwa kwenye batri za frigo. Na juu ya bati, pano limelala bapa, limejaa majani yaliyooza. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, pano halihitaji kusimama sana, lakini liinamishe digri 10 au 15 ili mvua ilioshe. Ilikuwa kazi ya siku moja. Batri ni batri, ikae kwenye fonie ya vita au kwenye frigo ya watoto.

Halafu ikaja kazi kubwa, ya kuweka sola mpya kwenye vituo vingine. Wakaomba devi, fakture yenye stempu, na breve ya ufundi. Sikuwa na hata moja. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine, naye akafunga pano mbili chini ya kivuli cha msafu. Nani aliitwa kurekebisha? Mimi, kwa bei ya muhogo.

Ndipo nikaenda INPP, Kisangani. Taasisi hiyo ya Serikali iko tangu 1964, inawapa watu wazima ufundi na karatasi ya kuuthibitisha. Makao makuu ya provense yetu ni Kindu, lakini toka Lubutu, Kisangani iko karibu zaidi. Nililala kwa shemeji miezi mitatu. Mambo ya waya nilikuwa nayajua. Niliyojifunza ni kuandika devi, kuhesabu umeme kwenye karatasi kabla ya kununua kitu, na kueleza hesabu hiyo kwa mtu asiyejua umeme. Kwa mtu aliyefunzwa kunyamaza, hiyo ya kueleza ilikuwa ngumu kuliko hesabu.

Sasa nifike kwenye neno ambalo sijawahi kulisema hadharani. Mwaka mmoja kabla ya kwenda Kisangani, jioni, kijana alikuja kwangu na salamu za msituni. Akauliza: "Ni weye mutu ya fonie?" Shefu wake ana redio imekufa. Niende siku mbili tu, dola 100. Mwezi ule nilikuwa sijafikisha hata dola 15, na mtoto wangu alikuwa amerudishwa nyumbani toka shuleni. Nilihesabu. Nataka mjue kwamba nilihesabu. Nikamwambia arudi kesho. Usiku huo nikaenda kwa mjomba, pamoja naye kwa shefu wa lokalite, na tukakubaliana nilale nyumba za watu wiki nzima, sanduku la vyombo likae kwa pasta. Kijana alirudi, hakunikuta. Kama mjomba angekuwa safarini siku ile, sijui leo ningekuwa wapi.

Wandugu, dereva, mekanisie, mtengeneza silaha, mwenye kufunga vidonda porini, mtu wa fonie: sisi ndio wa kwanza kutafutwa. Bunduki wanaweza kumpa mtoto yeyote. Mtu wa kufufua redio hawamtengenezi kwa mwezi mmoja. Tangu 2021 programu ya Serikali inaitwa P-DDRCS, na ndani ya jina lake mna neno la jamii. Basi jamii ni sisi. Fundi akikaa bila kazi hapa Lubutu, anayejua bei yake ni yule wa msituni peke yake.

Kwa hiyo naomba komite na watoaji wakubali mambo yafuatayo. Memba akiandikishwa, asiulizwe kwanza anataka nini. Aulizwe alikuwa anafanya nini, na jibu liandikwe jinsi lilivyo, hata kama linatisha. Fundi wa mjini ampime kwa mikono, siku mbili tatu. Pesa ya mashini itolewe kwa kadiri ya mtu: huyu vyombo, yule nauli na malipo ya breve. Wengine watataka kweli mbuzi au cherehani, wapewe. Tuna memba aliyekuwa anatengeneza silaha. Kwa faili na mikono ile ile sasa anatengeneza vitasa na milango ya chuma, na kazi zake mmeziona. Najua mtoaji atapata shida kuandika kwenye ripoti kwamba kila mtu alipewa kitu tofauti. Tutasaidia kuandika.

Kuna moja ambalo sina jibu lake. Mama mmoja wetu, yuko hapa na amenipa ruhusa niseme, alifunga vidonda porini miaka sita. Ametoa risasi za kweli kwenye miili ya watu. Leo anauza mikate sokoni. Kwa munganga hakuna kupimwa mikono siku mbili. Bila diplome ya Serikali haruhusiwi kugusa mgonjwa, na sheria hiyo naikubali, hata mimi sitaki mtoto wangu achomwe sindano na mtu asiyesoma. Lakini shule ni miaka, na ana watoto wanne. Nimeulizia kama angepokelewa kituoni kwa usafi na kupima uzito wa watoto, huku anamaliza masomo ya sekondari. Wamesema watafikiri. Mtoaji akitaka kujua dola zake ziende wapi kwanza, mimi ningeanza na ada ya mama huyu.

Jumamosi niko atelie, nyuma ya soko, tangu saa mbili asubuhi. Mwenye kujua injini, umeme au kuchomea vyuma, aje hata bila karatasi. Fundi wawili wamekubali kuja kuwapima, na daftari la kuandika majina nimeshanunua.