Matunzo ya kituo cha afya: tuyapime namna gani?

Maneno ya timu ya uwanjani mbele ya mkutano wa wanachama, Nyunzu



Halmashauri ya chama ilituomba tujibu swali moja: kituo cha afya tunachoenda, je, kinatunza watu vizuri? Swali limeletwa na sanduku letu la kusaidiana. Wengine kati yetu wanataka sanduku lifanye mapatano na kituo, ili mwanachama akiugua atunzwe na chama kilipe. Wengine wanasema pesa hizo zinunue mabati na vitanda vya kituo. Wengine wamekata tamaa kabisa, wanasema afadhali kila mtu ajinunulie vidonge kwenye duka la dawa. Kabla ya kuamua, lazima tujue tunalipia nini. Leo hatutataja jina la kituo wala la mtu. Hatukuja kushitaki. Tumekuja kuonyesha namna ya kupima.

Kwanza tuelewane ni nani anayetutunza. Katika inchi zingine, familia iko na daktari wake wa karibu, anayejua mtoto tangu kuzaliwa. Hapa kwetu kazi hiyo inafanywa na muuguzi, yule ambaye sisi wote tunamwita muganga. Congo ilifuata njia ya matunzo ya msingi iliyokubaliwa na mataifa huko Alma-Ata mwaka 1978. Inchi yote ikagawanywa katika zoni za afya, na leo ziko zaidi ya 500. Kila zoni iko na ofisi yake na muganga mkuu wa zoni, hospitali kuu ya rufaa, na chini yake vituo vya afya. Daktari yuko hospitalini, na kituoni kuko wauguzi. Kwa hiyo tusidai kituo kipasue tumbo. Tudai kile ambacho ni kazi yake kila siku: homa ya mtoto, kuhara, mimba, uzazi, chanjo, kidonda, na kumtuma mgonjwa hospitalini mapema wakati ugonjwa unashinda nguvu zake.

Mwaka 1966 daktari mmoja aitwaye Avedis Donabedian aliandika kwamba matunzo yanapimwa kwa vitu vitatu: vile vilivyopo, vile vinavyofanywa, na vile vinavyotoka mwishoni. Vilivyopo ni nyumba, vitanda, dawa, watu. Vinavyofanywa ni yale muganga anayomfanyia mgonjwa akiwa mbele yake. Vinavyotoka ni kupona, kufa, ao kubaki kilema. Sisi na wafadhili tunapenda sana kile cha kwanza, kwa sababu kinaonekana na kinapigwa picha. Lakini bati haimponyeshi mtoto. Na kile cha tatu kinadanganya: mtoto anaweza kupona ijapokuwa alitunzwa vibaya, na mwingine akafa ijapokuwa muganga alifanya yote. Kinachotusaidia zaidi ni kile cha katikati.

Watafiti waliokusanya hesabu za inchi maskini na za kipato cha kati walitangaza mwaka 2018 kwamba kila mwaka kunakufa watu milioni 8.6 ambao matunzo mazuri yangeweza kuwaokoa. Kati yao, milioni 3.6 hawakufika kwenye matunzo. Milioni 5 walifika, lakini matunzo hayakuwa mazuri. Tulizoea kusema shida ni umbali wa njia. Hesabu hiyo inasema mtu anaweza kutembea njia yote, akafika, akalipa, na bado asisaidiwe.

Kuko mama mmoja katika chama alituruhusu kueleza habari yake bila jina. Mtoto wake alikuwa na homa na kikohozi. Kituoni walimpa dawa ya malaria, wakamrudisha nyumbani. Hawakumpima damu. Hakuna aliyeinua nguo ya mtoto kuangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Siku ya tatu mtoto alikataa kunyonya, akabebwa kwa baiskeli mpaka hospitali, na huko ndipo mtu alihesabu pumzi zake. Ilikuwa homa ya mapafu. Mtoto yuko mzima leo. Tulipomuuliza mama kama kituo kilimtunza vizuri ile siku ya kwanza, alijibu: «Ndiyo, walinipokea vizuri, na dawa walinipa.»

Angalieni jibu hilo vizuri. Mama hakusema uongo. Mtu aliyelala miaka porini ao katika kambi za Kalemie, akipewa kidonge na neno la upole, anashukuru. Na sisi wengi tunafikiri matunzo mazuri ni sindano na seromu. Tusipochomwa tunasema hatukutunzwa. Ndiyo sababu kuuliza watu «umefurahi?» hakutoshi. Tuulize: «Ulifanyiwa nini?»

Haya ndiyo mambo ambayo kila mwanachama anaweza kuangalia, hata asiyejua kusoma.

Mtoto mwenye homa: je, walimtoboa kidole na kumpima malaria kabla ya kutoa dawa? Kipimo hicho cha haraka kinangojewa karibu dakika 15 ao 20 tu. Akikohoa: je, walihesabu pumzi zake dakika nzima? Mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 ao zaidi ni hatari. Wa mwaka 1 mpaka 5, ni 40 ao zaidi. Kazi hiyo haiombi mashini wala umeme, inaomba saa na uvumilivu. Je, walimuuliza mama kama mtoto anashindwa kunyonya, kama anatapika kila kitu, kama alishikwa na degedege, kama amelegea? Moja tu kati ya hayo ikiwa ndiyo, mtoto anapaswa kutumwa hospitalini haraka.

Mtoto anayehara: je, walimpa chumvi ya maji, ile ya kuchanganya, pamoja na vidonge vya zinki vya siku 10 mpaka 14? Zinki inasahauliwa mara nyingi. Je, walimpima mkono kwa ule utepe wa rangi? Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali.

Mama mwenye mimba: je, walimpima presha na damu, wakamweleza alama za hatari? Usiku wa manane akifika na uchungu, je, anakuta mtu? Maji na mwangaza viko? Mwanamke aliyebakwa: je, anapokelewa kwa siri, bila kuulizwa mbele ya watu, na anaelezwa kwamba dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapaswa kuanza mbele ya saa 72? Hapa kwetu, baada ya vita, swali hilo si la pembeni.

Chanjo: je, waliomba kadi ya mtoto, hata kama alikuja juu ya ugonjwa mwingine? Watoto wengi waliorudi pamoja nasi walikosa chanjo njiani, na kadi zao zilipotea. Hatujasahau surua ya mwaka 2019, iliyoua watu zaidi ya 6,000 katika Congo yote, wengi wao watoto. Na friji ya chanjo: je, joto lake linaandikwa kila siku, na liko kati ya digri 2 na 8?

Mwisho ni pesa na maneno. Je, bei ziko ukutani, na ulipewa karatasi ya malipo? Je, ulirudi na dawa zote, ao ulipewa orodha ya kwenda kununua kwingine? Je, walikuambia uko na ugonjwa gani, unywe dawa namna gani, na urudi siku gani?

Sasa tuingie kwenye jambo gumu. Tukisimama mlangoni na kuuliza wanaotoka tu, tutakuwa tumeuliza wale waliokubali kuingia. Na wale wasiokuja? Wamama wa Kitwa walitueleza kwamba wengine wanaitwa mwisho hata kama walifika kwanza, na kwamba wanasemeshwa kwa sauti ambayo mtu hasemeshi mwenzake. Waluba wengine nao walisema wanaogopa njia inayopita karibu na vijiji fulani. Wote tunajua tulikotoka. Tarehe 30 Aprili 2015 kambi ya Vumilia 1, hapa hapa Nyunzu, ilishambuliwa, na watu angalau 30 wakauawa. Hatusemi hivyo ili kufungua vidonda. Tunasema kwa sababu foleni ya kituo ni moja ya mahali pachache ambapo Mtwa na Muluba wanakaa tena kwenye benchi moja, kila mmoja na mtoto mgonjwa mapajani. Kituo kinachovunja zamu pale kinavunja zaidi ya zamu. Tangu Julai 2022 inchi yetu iko na sheria ya kulinda haki za Watwa na wenzao wa asili. Sheria hiyo inaanza kuonekana ama kukosekana kwenye benchi hiyo.

Tuseme kweli pia juu ya waganga wetu. Wengi wao katika Congo hawapati mshahara wa serikali, ao wanapata sehemu tu, na wanaishi kwa yale mgonjwa anayolipa. Mahali ambapo kila kidonge na kila sindano vinalipiwa peke yake, mgonjwa atapewa vingi. Mahali ambapo bei ni moja kwa ugonjwa mmoja, tamaa hiyo inapungua. Na kutoka shida hiyo hiyo ya pesa kunatoka ile desturi mbaya inayojulikana katika inchi yote, ya kumzuia mama aliyezaa asirudi nyumbani mpaka deni lilipwe. Muganga akikosa dawa, mara nyingi si yeye aliyekosea: dawa haikufika. Kwa hiyo tunapopima, tutenganishe mambo matatu: lile ambalo muganga anaweza kubadili kesho, kama kuhesabu pumzi na kufuata zamu, lile la zoni, kama dawa na usimamizi, na lile la serikali, kama mshahara.

Je, wanakijiji kupima kituo kunaleta faida? Majirani zetu wa Uganda walijaribu. Utafiti ulichukua vituo 50, na katika nusu ya vituo hivyo watu wa vijiji walipewa matokeo ya kituo chao, wakakaa pamoja na wauguzi, wakaandika mapatano. Baada ya mwaka mmoja, watu waliokuja kituoni waliongezeka kwa asilimia 20, na vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilipungua kwa asilimia 33. Utafiti huo ulitangazwa mwaka 2009 na wengi wakashangilia. Lakini kazi ya namna hiyo ilirudiwa baadaye katika vituo 376, na safari hii vifo havikupungua, wala watu hawakuongezeka kituoni. Kilichobadilika kidogo ni namna wagonjwa walivyotunzwa na walivyoridhika. Tunawaambia yote mawili, na wafadhili wasikie pia, ili mtu asiahidi muujiza. Kupima peke yake hakutibu mtu. Kunasaidia pale ambapo mapatano yanafuatwa na kila upande unatimiza neno lake.

Kwa hiyo timu yetu inaleta mashauri manne.

La kwanza: kabla ya kufanya mapatano yoyote na kituo, chama kichague watu wanane, nusu wanawake, Waluba na Watwa sawasawa. Watawauliza wagonjwa nyumbani kwao, si mbele ya muganga, maswali yale tuliyoyasema. Wataingia pia katika nyumba zisizoenda kituoni.

La pili: majibu yapelekwe kwanza kwa wauguzi wenyewe pamoja na kamati ya afya, bila majina ya wagonjwa. Muganga asikie kutoka kwetu kabla ya kusikia sokoni. Yale yanayopita uwezo wake tuyapeleke naye pamoja kwa muganga mkuu wa zoni. Muganga aliyetetewa na wagonjwa wake juu ya dawa atawasikiliza juu ya zamu.

La tatu: sanduku likikubali kulipa, lilipe bei moja kwa ugonjwa, iliyoandikwa ukutani. Na katika mapatano kuwe neno wazi: hakuna mwanachama atakayezuiliwa kwa deni.

La nne, na hili tunawaambia wafadhili wetu: tunashukuru kwa mabati. Lakini mkitaka kuongeza kitu mwaka huu, tunaomba kwanza nauli ya kumpeleka mgonjwa mzito hospitalini. Karatasi ya rufaa bila pikipiki ni karatasi tu.

Wanachama wapenzi, uamuzi ni wenu. Sisi tutarudi kwenye mkutano ujao kusaidia wale wanane kujifunza maswali, na saa ya kuhesabia pumzi tutakuja nayo. Kila mmoja achague mtu ambaye angemwamini kumuuliza mama yake mwenyewe.